Meno Matatu ya Mashine

Mashine iliyoshtakiwa ilikuwa ndogo kuliko alivyotazamia.

Bi Nukta alisimama mlangoni mwa karakana, mkoba wa vipimo begani, akaitazama kwa muda. Ilikuwa imewekwa konani, nyeupe na kijivu, kimo chake kama kabati la vyombo, na kioo cha mlango wake kilikuwa na ukungu mwembamba. Juu yake kipande kimoja cha paa kilikuwa cha plastiki inayopitisha mwanga. Mwanga ulishukia hapo taratibu, wa rangi ya maziwa, ukatandaa sakafuni bila haraka. Harufu ya maji ya kupoza chuma ilikuwa tamu kidogo, ya kulevya. Mtu angeweza kusinzia wima mahali pale.

"Ndiyo hiyo," alisema mwenye karakana. "Nusura ituulie mtoto wa watu."

Watu wote walimwita Kaka, kwa sababu mdogo wake alimwita hivyo tangu utotoni na jina likamganda. Mdogo mwenyewe, ambaye ndiye mwendeshaji wa mashine, alisimama nyuma yake, mikono ameificha ndani ya aproni. Huyo walimwita Kimya. Bi Nukta alipomsalimu aliinamisha kichwa tu, na Kaka akaitikia salamu kwa niaba yake, kana kwamba siku walipogawana urithi maneno yote yalimwangukia mkubwa.

Kesi ilikuwa na siku tisa. Katika wodi ya watoto wachanga, saa nne asubuhi, mashine ya kupumulia ilisimama ghafla. Pistoni ndogo ya vali ilikuwa imenasa ndani ya pete ya chuma ambamo hupaswa kuteleza. Muuguzi wa zamu alimpulizia mtoto hewa kwa mfuko wa mkono kwa dakika arobaini, mpaka mashine nyingine ilipopatikana. Mtoto akapona. Pete ile ilitoka katika karakana hii, na Ofisi ya Ukaguzi wa Vifaa vya Tiba ikamtuma Bi Nukta, mama wa miaka hamsini na ushee ambaye ofisini hakuna aliyekumbuka tena jina lake halisi, tangu siku aliporudisha ripoti ya mkurugenzi kwa ajili ya nukta moja iliyokaa pasipo pake.

Swali alilopewa lilikuwa moja. Je, mashine hii ndogo ya kukereza chuma, inayoongozwa na kompyuta, iliyoletwa hapa miezi saba iliyopita, inafaa kutengeneza vitu vinavyoshika pumzi za watu, au haifai?

Kaka alikuwa na jibu tayari. "Andika haifai. Wauzaji waje wabebe takataka yao. Mimi nitarudia mashine ya zamani aliyotuachia baba. Hata chai haitakuwa imepoa."

"Chai ipo?"

"Ipo."

"Basi itapoa," alisema Bi Nukta, akavua koti.

Alianza na ubaridi. Mashine ilikuwa imelala tangu jana, na hivyo ndivyo alivyoitaka. Kutoka mkobani alitoa fimbo ya chuma iliyosuguliwa hadi ikawa kama kioo. Kimya akaifunga kwenye kishikio, ile sehemu inayozunguka na kukikamata kipande kwa meno matatu. Bi Nukta akaisimamisha geji ya mshale, ncha yake ikigusa fimbo kama ulimi wa paka, akaizungusha fimbo kwa mkono, mzunguko mzima, polepole.

Mshale ulisogea kidogo ukarudi.

"Maikroni mbili," alisema. "Unywele wa kichwa changu una kama sabini."

"Labda ikichemka," alisema Kaka.

"Labda. Tuichemshe."

Kimya alibonyeza. Mashine ikatoa mvumo wa chini, mmoja, usiopanda wala kushuka. Bi Nukta alivuta ndoo tupu, akaigeuza, akakaa. Kwa saa nzima, kila dakika kumi alisimamisha mashine, akasoma mshale, akaandika, akaketi tena. Mwanga wa paa ulikuwa unatambaa. Ulitoka sakafuni, ukapanda kwenye miguu ya mashine, ukaulamba mlango. Ilipofika saa nne kasoro ulikuwa umeikumbatia mashine yote, na Bi Nukta akauweka mkono wake juu ya bati jeupe, akausikia uvuguvugu.

Hapo alidhani ameipata sababu. Vali ilinasa saa nne, na jua nalo huifikia mashine saa nne. Chuma kikipata joto hutanuka, upande mmoja ukitanuka kuliko mwingine kipimo huenda mrama. Ilikuwa nadharia nzuri, iliyokaa vizuri mdomoni. Akasoma mshale.

Maikroni nne.

Alisubiri robo saa, akasoma tena. Nne. Pete iliruhusiwa kumi. Isitoshe, saa ambayo vali ilinasa hospitalini haikuwa na uhusiano wowote na saa ambayo pete ilikerezwa, na jambo hilo angepaswa kulikumbuka kabla hajapendezwa na jua. Alipiga mstari juu ya ukurasa mzima.

"Haina homa," alisema. "Nipe pete."

Pete mbovu zilikuwa kumi na mbili, ndani ya bahasha ya hospitali. Zilikuwa nyembamba kama maganda, pana kiasi cha kuingia ncha ya kidole cha mwisho, na ziling'aa. Kaka alileta geji yake ya kupimia ndani, yenye ncha mbili zinazotanuka mpaka zinagusa kuta za tundu, moja huku nyingine kule. Bi Nukta aliipima kwanza geji yenyewe. Ilikuwa nzima. Kisha akapima pete ya kwanza.

Milimita kumi na mbili nukta sifuri sifuri tano. Sawasawa na mchoro.

Akaigeuza kidogo, akapima tena. Sifuri sifuri tano. Akaigeuza tena. Sifuri sifuri tano. Alipima pete zote kumi na mbili, kila moja mara sita, na namba zile ziliendelea kuja zilezile, kama wimbo wa kumbembelezea mtoto. Kisha akaishika pistoni iliyoletwa pamoja na pete, akaipima nayo, ikawa sahihi, akajaribu kuipitisha. Iliingia nusu, ikakwama. Pete zote kumi na mbili ziliigomea.

"Unaona sasa?" alisema Kaka. "Sisi tunapima kila moja kabla haijatoka. Mdogo wangu hapitishi kitu. Namba ziko sawa, kitu hakiingii. Kama si mashine, ni nini? Mashetani?"

"Mashetani hayapimiki. Tungekuwa tumeshafunga kesi."

Alihitaji taa na kiti. Hatua tatu kutoka kwenye mashine palikuwa na meza ndogo yenye taa ya shingo ndefu na kioo cha kukuzia, na kiti chenye mto ulioshonwa kwa mkono. Kote alikopita karakanani vumbi jeusi la chuma lilikuwa limekaa juu ya kila kitu, isipokuwa juu ya meza ile. Mtu alikuwa anaifuta. Chini ya kiti palikuwa na kandambili za kike, zimepangwa, vidole vikielekea ukutani. Bi Nukta aliketi, na mto ukapokea umbo lisilo lake.

"Hapa hukaa nani?"

Kimya alitazama chini.

"Shemeji yangu," alisema Kaka. "Mke wake huyu. Ndiye anayeondoa makali kwenye pete na kuziandika. Yuko nyumbani anapumzika. Alianguka ngazini."

"Pole yake. Nyumbani ni mbali?"

"Hapo tu, ng'ambo ya ua."

Kupitia dirishani Bi Nukta aliiona nyumba. Ilikuwa ndefu, ya chini, paa lake likikaribia kugusa vichwa vya nguo zilizoanikwa. Kati ya mlango na ua hapakuwa na hata kizingiti cha kumkwaza kuku.

"Ngazi zipi?" aliuliza.

"Za... za kwa watu. Alikwenda kutembelea."

"Aha," alisema Bi Nukta, akawasha taa.

Hakulifuata jambo hilo hapo hapo. Alikuwa na tabia ya kuliacha swali juu ya meza, kama mtu anayeacha mkate upoe. Alichukua kichupa cha rangi ya buluu, nzito kama krimu, akaipaka pistoni kwa ncha ya kidole, safu nyembamba kiasi kwamba chuma kilionekana kupitia rangi. Akaisukuma ndani ya pete kwa upole mpaka ilipogoma, akaizungusha kidogo, akaitoa. Kisha akaiinua pete chini ya kioo cha kukuzia, akatazama ndani.

Buluu haikuenea. Ilikuwa imeshika mahali patatu tu, madoa matatu yenye umbali sawa, na katikati yake chuma kilikuwa kikavu.

Mvumo wa mashine ulikuwa umekoma na ukimya wake ulijaa masikioni. Akachukua pete ya pili. Madoa matatu. Ya tatu, matatu. Akazigeuza nje, akazilaza chini ya taa, na pale kwenye ngozi ya nje, ambapo jicho tupu lisingeona kitu, palikuwa na alama tatu hafifu zilizofifia kama alama za vidole shingoni mwa mtu.

"Una pete za mwezi wa kwanza? Za mwanzo kabisa?"

Kimya alifungua droo, akatoa boksi la kiberiti. Ndani mlikuwa na pete mbili, zimefungwa kwenye pamba. Bi Nukta alizipaka buluu, na rangi ikaenea duara zima. Nje hazikuwa na alama. Pistoni ilipita ndani yake kwa uzito wake yenyewe, ikadondoka kiganjani.

Alivua miwani, akaifuta, akamgeukia Kaka.

"Nahitaji cheti cha siku mashine ilipokabidhiwa. Na orodha ya pete zote zilizokwenda hospitali, tarehe kwa tarehe."

"Viko ofisini, huko nyumbani. Itanichukua muda kuvitafuta."

"Muda ninao."

Kaka alisita. Alimtupia mdogo wake jicho la kumfunga mdomo mtu ambaye mdomo wake ulikuwa umefungwa tayari, kisha akatoka. Nyayo zake zilivuka ua zikapotea.

Bi Nukta hakumtazama Kimya. Alisimama mbele ya skrini ya mashine, akafungua kumbukumbu zake, akaanza kusoma kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Mashine ya aina hii huandika kila kitu: ilipowashwa, ilipozimwa, mlango ulipofunguliwa, ulipofungwa. Miezi mitatu ya mwanzo iliandika vizuri. Fungua, funga. Fungua, funga. Kisha habari za mlango zikakatika.

"Hii inashangaza," alisema, kama anayeongea na kioo. "Kwa wiki tisa mashine iliamini mlango wake haujafunguliwa hata mara moja. Na katika wiki hizo tisa zimetoka pete mia nne. Ziliingiaje? Zilitokaje?"

Bi Nukta alipitisha kidole kwenye fremu ya mlango, juu kabisa, palipo na swichi ndogo inayoizuia mashine kuzunguka mlango ukiwa wazi. Kidole kilinata. Palikuwa na mraba wa gundi, ukubwa wa stempu, umeshika vumbi.

"Hapa palibandikwa sumaku," alisema. "Swichi ikaona sumaku, ikadhani ni mlango. Kazi ikaenda haraka. Halafu siku moja, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mtu alibonyeza kizimio cha dharura. Siku kumi na moja mashine haikuguswa. Ilipoamka, mlango ukaanza tena kufunguka na kufungwa kama kawaida. Na kuanzia asubuhi hiyo, kila pete iliyotoka hapa imekabwa."

Kimya aliinua uso. "Imekabwa?"

Lilikuwa neno la kwanza alilomsikia akilisema, na sauti yake ilikuwa laini kuliko alivyodhani.

"Njoo uone."

Alimwonyesha madoa ya buluu. Akamweleza polepole. Pete ni nyembamba. Unapoifunga, meno matatu ya kishikio yanaibana. Yakiibana sana inabonyea mahali patatu, na kisu kinachonga tundu la duara ndani ya pete iliyobonyea. Ukiiachia, pete inarudi kwenye umbo lake, na lile tundu la duara linageuka kuwa na pande tatu. Jicho halioni. Na geji ya ncha mbili haiwezi kuona, kwa sababu kila palipotuna, mkabala wake pamebonyea kwa kiasi kilekile, na geji inapima jumla. Jumla haibadiliki.

"Kwa hiyo namba zilikuwa za kweli," alisema Kimya.

"Zote. Hukuandika uongo hata siku moja."

Alimshika kiwiko, akampeleka ubavuni mwa mashine. Hapo palikuwa na saa ndogo ya kuonyesha shinikizo la kishikio. Fundi wa wauzaji, siku ya kwanza, alikuwa amechora mstari mwekundu kwenye kioo chake, kwenye nane. Mshale ulikuwa umesimama kwenye ishirini na moja.

"Nani ameupandisha?"

Nje, mtu alikuwa anafua. Maji yalimwagwa, yakamwagwa tena. Kimya aliutazama mshale kama unaomwita kwa jina.

"Mimi," alisema. "Kila asubuhi naongeza kidogo. Nikiongeza, mikono inatulia, naweza kuanza kazi. Kesho yake inatetemeka tena, naongeza tena."

"Kwa sababu pete iliruka."

"Haikukaa vizuri kwenye meno. Nilikuwa na haraka. Mlango ulikuwa wazi, siku hizo ulikuwa wazi kila siku, tulishazoea. Mke wangu alikuja na trei kuchukua zilizokwisha. Alikuwa ananiambia kitu, sijui alitaka kuniambia nini, hata leo sijamuuliza. Nikabonyeza." Aliutoa mkono wake wa kulia ndani ya aproni, akautazama. "Ilitoa sauti ndogo tu. Kama kijiko kikigonga kikombe. Nikadhani imegonga ukuta."

Bi Nukta alikitazama kile kiti chenye mto.

"Jicho?"

"La kushoto."

"Na ngazi?"

"Ngazi ni za kaka. Alisema tukisema ukweli karakana itafungwa, na mimi nitachukuliwa. Alisema ni kwa ajili yangu."

Bi Nukta alitoa simu, akapiga wodini. Aliyepokea alikuwa muuguzi yuleyule.

"Pete zote mlizopokea katika wiki sita za mwisho ziondoeni," alimwambia. "Si zile zilizogoma tu. Zote, hata zinazoonekana nzima."

"Tulishaziondoa siku ileile, mama," alisema muuguzi. "Sikungoja barua. Nilizitoa moja moja kwa mkono wangu nikazifungia kabatini."

"Mtoto anaendeleaje?"

"Yuko hapa begani kwangu. Unamsikia?"

Bi Nukta alisikiliza. Mwanzoni palikuwa na mikwaruzo ya simu tu, mlio wa mbali kama mvua. Kisha, ndani yake, pumzi ndogo, yenye mkoromo, iliyokuwa ikienda na kurudi bila msaada wa mtu. Alisikiliza muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Alipoweka simu mfukoni alimwambia Kimya, "Teremsha mshale mpaka kwenye mstari. Funga mlango. Utengeneze pete moja."

"Siwezi."

"Mimi nitasimama pale." Alionyesha hatua mbili kutoka kwenye mashine, mkabala na kioo cha mlango.

"Mama, hapo ndipo..."

"Najua. Kipande kikikaa vizuri, mlango ukafungwa, shinikizo nane linatosha. Waliotengeneza walilijaribu. Mimi nililihesabu jana kwenye karatasi, kwa kitabu chao cha maelekezo. Sasa nataka wewe ulione."

Ilimchukua muda. Alisafisha meno ya kishikio kwa brashi, moja, la pili, la tatu, akarudia. Aliisukuma pete ndani mpaka ikakaa, akaigusa pande zote, akafunga mlango, akaufungua, akaigusa tena, akaufunga. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Bi Nukta alisimama pale aliposema atasimama, mikono mgongoni, uso wake karibu na kioo.

Kimya akabonyeza.

Mvumo ukaanza. Ndani ya ukungu mweupe pete iligeuka kuwa mwale, isiyo na mwanzo wala mwisho, na uzi mmoja mwembamba wa chuma ukajikunja kutoka kwenye kisu, mrefu, unaong'aa, ukishuka taratibu ndani ya maji ya kupoza. Wote wawili waliutazama. Kwa nusu dakika hapakuwa na kitu kingine duniani. Kisha mashine ikanyamaza, mlango ukafunguliwa, na pete ilikuwa pale ilipowekwa.

Bi Nukta aliipaka buluu. Rangi ikaenea duara zima. Akaishika pete juu ya kiganja cha Kimya, akaiachia pistoni. Ikateleza, ikapita, ikaanguka katika kiganja kile bila sauti.

"Mashine hii ni nzima," alisema Bi Nukta.

"Nzima kwa nani?" Kaka alikuwa mlangoni, cheti mkononi, anahema. Aliiona skrini, akaiona buluu, akauona mshale umeteremka, na midomo yake ikapauka. "Mama, nisikilize. Mtoto amepona. Pete zimeondolewa. Andika mashine ni mbovu, wauzaji wana mashine elfu, hii moja haitawauma. Chuma hakina mke wala watoto. Hakuna atakayeumia!"

"Kesho karakana nyingine itanunua mashine kama hii. Watasoma kwamba ni mbovu, waiache, wanunue mbaya zaidi. Au wainunue, wabandike sumaku, maana hakuna aliyewaambia."

"Utamfunga ndugu yangu."

"Mimi sifungi watu. Napima, naandika nilichokikuta."

"Na orodha uliyoitaka sijaiona," alisema Kaka, kama mtu anayeshika jani akizama. "Bila orodha huwezi kuandika kitu."

"Usingeiona," ilisema sauti nyuma yake. "Mimi ndiye ninayejua ilipo."

Mwanamke aliingia, amekumbatia daftari kubwa, mkono mmoja ukipapasa ukingo wa mlango. Alivaa miwani nyeusi. Alipita kando ya shemeji yake, akaiendea meza yake bila kupepesuka, akaliweka daftari juu yake. Kimya alikuwa amesimama na pistoni kiganjani, hathubutu kusogea.

"Shemeji, rudi ukapumzike," alisema Kaka.

"Nimepumzika wiki saba. Kila siku naisikia mashine kutoka kitandani. Leo nimeisikia ikizunguka, haikulia kama inavyolia siku hizi. Nikasema, kuna mtu amekuja."

"Tulikubaliana..."

"Mlikubaliana nyinyi wawili. Mimi nilikuwa nimelazwa, nimechomwa sindano ya usingizi. Nilipoamka nikaambiwa nilianguka. Mpaka wageni wananiuliza, ulianguka ngazi ya ngapi, nami nawaambia ya tatu." Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Nimeshaichoka ngazi hiyo."

Bi Nukta alisimama, akampa kiti chake. Mwanamke aliketi juu ya mto, akaulainisha kwa kiganja.

"Hulazimiki kusema kitu leo," alisema Bi Nukta.

"Nataka. Andika kwamba yeye alibonyeza, ndiyo. Lakini andika pia kwamba mlango ule nilimwambia mara ngapi ufungwe, naye akasema nisubiri amwombe kaka." Alimgeukia mume wake. "Na siku ile nilikuwa nakuambia pete mbili za mwanzo nimekuwekea kwenye boksi la kiberiti. Ulizitaka kwa kumbukumbu. Ndicho nilichokuwa nasema."

Kimya alijikaza, lakini mabega yalimsaliti.

Bi Nukta alifungua kalamu. "Jicho linaona nini sasa?"

Mwanamke alivua miwani. Jicho la kulia lilikuwa zima. La kushoto lilikuwa limeingiwa na weupe, kama lililotiwa maziwa. Alifunika lile zima kwa kiganja, akainua uso kuelekea mwanga.

"Mwanga," alisema. "Naona mwanga wa paa. Kitu kikubwa cheupe, nadhani ndiyo mashine. Na pale mlangoni naona kivuli cha mtu. Nadhani ni shemeji. Sijui ananitazama au amenipa mgongo."

Kaka alikuwa amegeukia uani. Kwa wiki saba alikuwa amempelekea matunda, dawa, na salamu kwa mlango wa nyuma, na kwa wiki saba hakuwahi kuuliza jicho lile linaona nini. Aligeuka polepole.

"Nakutazama," alisema.

"Basi niambie mimi, usimwambie mama huyu. Ile sumaku nani aliibandika?"

Maji ya kupoza yalidondoka ndani ya mashine, tone, kisha tone jingine.

"Mimi," alisema Kaka. "Niliibandika mimi. Mume wako aliikataa siku mbili, nikamwambia anachelewesha kazi."

Kimya alivuta ile ndoo iliyogeuzwa, akamwekea kaka yake, akamshika bega mpaka alipokaa. Bi Nukta akafungua ukurasa mpya.